Mnaniuliza radi, mi nawauliza mnunuzi

Testi zimeisha juzi, bumu halijatoka, kantini wameshaanza kutuangalia kwa jicho la pembeni... kwa hiyo nafasi ya kuandika ipo.

Hapa chuoni ukishasema unatoka Sumbawanga, mazungumzo yanahama. Wa Moshi anaulizwa mbege, wa Bukoba anaulizwa senene, mimi naulizwa radi. Eti tusikosane, nisije nikamshushia mtu radi mchana wa jua kali. Eti nauli ya basi ya nini wakati ungo upo. Jamaa mmoja wa ghorofa ya pili alipoteza flashi, kabla hata hajainua godoro akanijia mbio: "Mfipa, nisaidie kaka, piga simu nyumbani wamnase." Nacheka nao, sina neno, utani ni utani. Wazee wetu wanasema jina la mji lenyewe maana yake ni "tupa uchawi", yaani anayeingia aache nje alichobeba. Leo watu wameligeuza, limekuwa kama bango la kutangazia kitu kilekile lililokuwa linakikataza!

Ila kuna kazi moja ambayo utani huu unaifanya, na ndiyo iliyonikalisha leo. Ukishaamini kwamba Sumbawanga ni nchi ya uchawi, basi jambo lolote baya likitokea kule unasema "aah, si ndo kwao". Linakuwa mila. Halihitaji mpelelezi tena.

Februari 2013, ndani ya mwezi mmoja tu, Rukwa ilipata matukio mawili. Mama mmoja mwenye ualbino alivamiwa usiku akiwa amelala na watoto wake, akakatwa mkono. Mumewe akawa miongoni mwa waliokamatwa. Kisha mtoto wa miaka 10, naye ana ualbino, alikuwa anatoka shule na wenzake kule bondeni, ziwani Rukwa, wakamvizia njiani, wakachukua mkono. Machi 2015, bonde hilohilo, mtoto mdogo wa miaka 6 hivi akafanyiwa vilevile usiku nyumbani kwao. Huyu wa mwisho baadaye alipelekwa Marekani akatengenezewa mkono wa bandia. Majina yao magazeti yaliyaandika sana, mi siyaandiki, ni watu wanaoishi na wana haki ya kusahauliwa na watu kama sisi.

Sasa tufanye hesabu kidogo, hata nyie wa sanaa msikimbie. Mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu lilitoa ripoti kuhusu mauaji haya Tanzania na Burundi. Wakataja bei: viungo vya mtu mmoja vikiwa kamili, dola 75,000. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 1,300, kwa hiyo unaongelea karibu milioni 98. Sisi Ufipa ni watu wa mahindi. Tuseme gunia unaliuza elfu 30, unahitaji magunia zaidi ya 3,000 ili ufikishe hela hiyo. Nani kijijini kwetu ana magunia 3,000? Nani bondeni, anayelima ufuta na mpunga kwa jembe la mkono au anayechunga ng'ombe, ana milioni 98 za kumpa mganga? Hata ukiigawa bei hiyo kwa kumi, bado huyo mtu simjui na hakai kwetu. Anakaa mahali penye lami, ana gari, ana mgodi au boti au kiti anachokitaka.

Na hapo ndipo napowarudishia swali lenu la radi. Tukio likitokea nani anakamatwa? Mume. Baba. Mjomba. Mganga wa kijiji mwenye kibuyu na kaniki. Kijana aliyeahidiwa hela ambayo pengine hata hakuiona. Sisemi hawa wasikamatwe, wakamatwe na wafungwe, mkono uliobeba panga ni wa kwao. Septemba 2009 mahakama ikiwa Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino kule Bukombe, ikawa hukumu ya kwanza kabisa ya kesi hizi. Zikafuata nyingine, na Machi 2015 Mwanza wakahukumiwa 4 kwa mama aliyeuawa Geita mwaka 2008, mumewe akiwemo. (Kunyongwa kwenyewe ni kwa kwenye karatasi, Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 90.) Lakini someni zile hukumu zote muone kama kuna mahali yupo mwenye milioni 98. Mi nimesoma za kutosha, sijamwona. Biashara gani hii duniani yenye wauzaji, madalali na wasafirishaji, halafu haina mnunuzi?

Kwetu watu wa Ziwa Tanganyika wangesema wavuvi wanarudi na dagaa tu kila siku, wakati migebuka inaruka juu ya maji mbele ya macho yao.

Kuna kitu nimekiona kwa macho yangu, kidogo tu, ila kilinionyesha mambo yanavyokwenda. Likizo moja niko kijijini kwa bibi mzaa mama, juu huku uwandani, baridi ya Juni ile ya kuvaa makoti mawili. Akaja mganga wa kamchape. Kwa wasiojua, kamchape ni hawa waganga wanaozunguka kijiji hadi kijiji kufichua wachawi. Si kitu kipya. Mwingereza mmoja, Roy Willis, alikaa Ufipa miaka ya 60 akaandika kuhusu kamchape waliopita mwaka 1963 na 1964, watu wakitoa mapembe na dawa majumbani mwao na kunyweshwa dawa. Na huyohuyo Willis ndiye aliyewashangaa Wafipa kwa upole wao, akaandika ni kwa nini watu hawa wanaishi kwa amani kiasi hiki. Hiyo hamtaniagi nayo eee?

Basi huyu wa safari hii alikuwa na wasaidizi, daftari na risiti za kuandika kwa mkono. Kila kaya mchango. Asiyetoa ina maana ana la kuficha, na akiwa na la kuficha ndio anafichuliwa. Bibi yangu ni mjane, ana miaka sabini na kitu, macho mekundu kwa moshi wa kuni, amejenga nyumba ya bati kwa hela ya mahindi. Vigezo vyote anavyo! Akauza mbuzi, akatoa. Nikamuuliza, bibi kwa nini usiende kwa mwenyekiti? Akanitazama kama namwona anamtazama mtoto wa miaka mitano. "Mjukuu wangu, mwenyekiti ndiye aliyeshika daftari." Nikasema basi polisi. "Na hao wamekula pilau ya nani jana?"

Sikuwa na jibu. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, inakataza kumtangaza mtu kuwa mchawi. Sheria ya Tiba Asili ipo tangu 2002, inamtaka mganga asajiliwe. Zote mbili zilikuwa zimekaa pale kwenye benchi na sisi zinaangalia daftari linajazwa. Na msidhani mchezo huu ni wa hela tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwenye ripoti yao ya 2013 waliandika watu 765 waliouawa mwaka ule kwa imani za uchawi, 505 kati yao wanawake. Bibi alipouza mbuzi alikuwa anajinunua.

Sasa ukishaona ngazi ya chini ikoje, ya juu haikushangazi. Januari 2009 Waziri Mkuu alikuwa Mizengo Pinda, mtoto wa Mpanda, na Mpanda wakati huo ilikuwa Rukwa, Katavi ilikuja kuzaliwa 2012. Kwa hiyo alikuwa mtu wetu kabisa. Akiwa ziarani kanda ya ziwa na magharibi akasema anayekutwa anaua albino naye auawe hapohapo. Bungeni wakamshukia, yeye akalia machozi mbele ya wabunge, nchi nzima ikaona kwenye TV. Wengi wanamkumbuka kwa machozi. Mi nakumbuka ile kauli ya kwanza. Waziri Mkuu mwanasheria, mwenye polisi na waendesha mashtaka, anawaambia wananchi wamalizane wenyewe! Ukitaka kujua kama vyombo vinafanya kazi, sikiliza hapo.

Mwezi huohuo waganga wote wa jadi wakafutiwa vibali. Januari 2015 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, akatangaza tena kuwapiga marufuku. Kitu kilekile, marufuku mara mbili ndani ya miaka sita. Na miezi miwili tu baada ya marufuku ya pili, ndipo lile la mtoto wa bondeni Rukwa.

Halafu kuna kura za siri za Machi 2009. Sijui wangapi mnalijua hili, wengi tulikuwa wadogo sana. Rais Kikwete alitaka wananchi waandike kwenye karatasi majina ya wanaowahisi kuua watu wenye ualbino, pamoja na majambazi na wauza dawa za kulevya, bila kujitaja. Watu wakapanga foleni kama uchaguzi, wakaandika. Nawaza yule mama wa kijijini asiyejiamini hata kwa mwenyekiti wake, siku ile akaamini sanduku. Yale majina hayakutangazwa. Inawezekana mengi yalikuwa ya chuki, mtu amemwandika shemeji yake kwa ajili ya shamba, hilo nakubali, na kwa hilo bora hayakusomwa redioni. Lakini jina likitajwa na watu mia wasiojuana, si unalifuatilia?

Mtu ataniambia nachanganya mambo, uchawi na ufisadi wapi na wapi. Wazee, angalieni kalenda. Huo ndio wakati wa EPA. Mwaka wa fedha 2005/06 shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22. Januari 2008 Gavana Ballali akaondolewa, Mei akafia Marekani. Waliochukua wakapewa muda mpaka Oktoba 31, 2008 warudishe hela, na aliyerudisha akaachwa aende zake. Novemba wengine wakapandishwa Kisutu, wachache wakaja kufungwa. Na kampuni moja, Kagoda, iliyobeba zaidi ya bilioni 40, nchi ikauliza miaka na miaka ni ya nani hasa. Yaani mwizi wa kuku Laela hajawahi kupewa tarehe ya kurudisha kuku, anapewa tairi. Ni serikali ileile, miezi ileile, inaulizwa maswali mawili yanayofanana: nani mwenye Kagoda, na nani mnunuzi wa mikono ya watoto. Sisemi ni mtu mmoja! Nasema jicho lililofunzwa kutomwona wa kwanza halitamwona wa pili.

Nisionee. Matukio yalipungua. Mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ualbino, Ikponwosa Ero, mwanamama wa Kinigeria ambaye naye ana ualbino, alikuja nchini Julai 2017 akalisema hilo, akasema pia kwamba hofu bado ipo. Ila angalieni tulivyowalinda. Watoto walikusanywa wakawekwa Buhangija kule Shinyanga, Kabanga kule Kasulu, Mitindo kule Misungwi, nyuma ya kuta na mageti, wengine wakakua bila kuwajua ndugu zao. Aliyefungwa ni mtoto. Mnunuzi anatembea.

Na kama mtu anadhani ni habari ya zamani, mwaka 2024 huko Muleba mtoto wa miaka miwili alichukuliwa nyumbani mwishoni mwa Mei, mwili ukapatikana Juni ukiwa umepunguzwa viungo. Wakafikishwa mahakamani Bukoba watu 9, baba mzazi akiwemo na padri akiwemo. Ni watuhumiwa, mahakama ina kazi yake. Mi niliposoma ile orodha nilifanya kama ninavyofanya siku zote, nilitafuta mwenye hela.

Mwenzangu wa chumba anasoma sheria, nikamuuliza kesi kama hizi mnafundishwaje. Akasema mauaji yanasikilizwa Mahakama Kuu, ya chini unasomewa tu, hutakiwi kujibu chochote, unarudishwa rumande, baada ya siku 14 unaletwa tena unaambiwa upelelezi haujakamilika. Nikasema na mnunuzi je, upelelezi wake umeanza lini? Akacheka, akasema, "Mfipa bwana, we piga tu radi." Nikamtupia mto.

Ngoja niishie hapa, kantini wanafunga saa mbili na leo kuna maharage. Mwenye kujua kura za 2009 zilihifadhiwa wapi, ofisi gani, kabati gani, aniambie. Nataka kuanzia hapo kwenye utafiti wangu wa mwaka wa tatu, kama msimamizi atakubali.