Sauti ya Mama Katika Gari Kuukuu

Leo nataka kuwasimulieni habari ya redio ya gari kuukuu na ya mzee asiyesikia vizuri. Mzee huyo ni baba yangu mzazi. Wengi wenu mna mzee wa namna hiyo nyumbani, na gari la namna hiyo, kama si lenu, basi ni la jirani. Ndiyo sababu naona habari hii yawahusu ninyi pia.

Mama yetu alifariki mwaka 2019. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanangu wa kwanza alikwenda likizo kwa bibi yake, akiwa na simu ndogo ya vitufe. Jioni moja, bibi akiwa jikoni anasonga ugali wa ulezi, mtoto akabonyeza kitufe cha kurekodi. Bibi hakujua. Aliendelea kusimulia jinsi alivyoletwa kwa Baba akiwa mwari, na jinsi mwaka ule walivyolima matuta ya majani bila kupumzika. Yote ni dakika 11. Tulipokwisha kumzika ndipo tulipotambua kwamba hiyo ndiyo sauti yake pekee tuliyobaki nayo.

Baba anakaa kijijini, mbele kidogo ya Matai, nami nafanya kazi Sumbawanga mjini. Tulimpelekea ile simu, tukaiweka sikioni pake. Akasikiliza kitambo, uso umekunjamana, kisha akaturudishia akisema: “Nyuki wamo humo. Huyu si mama yenu.”

Ndugu msomaji, neno hilo liliniuma. Sauti ilikuwapo, masikio yalikuwapo, lakini havikuweza kukutana.

KUMBE BABA ANASIKIA

Nina gari dogo, Toyota Corolla ya mwaka 1998, lililotumika kwanza Japani kabla ya kuletwa kwetu. Redio yake ni ile iliyokuja nalo: ina redio yenyewe na mlango wa kaseti, basi. Haina tundu la waya wala mahali pa kuchomeka flashi.

Siku moja nilimchukua Baba kutoka hospitali. Ndani ya redio ilikuwamo kaseti ya zamani ya kwaya. Nikaongeza sauti kwa sababu ya kelele za barabara. Mara nikaona mkono wa Baba unapiga goti lake, tena kwa mapigo yenyewe ya wimbo! Nikapunguza mwendo, nikamwuliza kwa sauti kubwa, “Baba, unasikia?” Akajibu, “Mimi si kiziwi, mwanangu. Ninyi ndio mnaonong’ona.”

Basi nikaelewa. Spika za milangoni ni pana, nazo hutoa sauti nzito na kubwa ambayo spika ya simu, iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, haiwezi kuitoa. Nikajiambia: sauti ya Mama lazima ipite humu.

KIDUDE CHA KWANZA

Nilikwenda dukani nikanunua transmita. Ni kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Unatia memori kadi ndani yake, nacho kinarusha wimbo kwa mawimbi ya FM, kama kituo kidogo cha redio kisichofika mbali. Kisha redio ya gari inatafuta mawimbi hayo na kuyapokea. Muuzaji aliniwekea namba 98 na kuniambia nifungulie hapo hapo.

Nilizungusha redio mpaka mwisho. Kimya. Namba za redio yangu zilikoma kwenye 90! Niliona nimeibiwa, nikataka kurudi dukani kwa hasira. Bahati njema nilipitia kwanza kwa fundi redio. Alicheka sana. Alinieleza kwamba redio za zamani za Japani zilitengenezwa kupokea FM kuanzia 76 hadi 90, maana ndivyo walivyopanga kwao. Sisi vituo vyetu vinakwenda mpaka 108. Ndiyo maana magari mengi ya namna hii husikia vituo vichache tu, na wenyewe wanadhani redio imekufa. Kuna kikasha kinachounganishwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa. Lakini kwa transmita dawa ni rahisi: ishushe iwe kati ya 88 na 90, mahali pasipo na kituo. Tuliiweka 88.3, na nyimbo za kwenye kadi zikatoka.

Lakini sauti ya Mama haikutoka. Kidude kilisoma nyimbo zote, kikairuka ile moja. Sababu yake ni hii: nyimbo zimehifadhiwa kwa namna iitwayo mp3, iliyobuniwa na wataalamu, wengi wao wa Ujerumani, na jina hilo lilianza kutumika mwaka 1995. Simu nyingi ndogo za vitufe hurekodi maneno kwa namna nyingine iitwayo amr. Transmita yangu haikuijua. Ni kama kumpa mtu barua nzuri ya lugha asiyoisoma.

NUSURA NIPOTEZE YOTE

Nikaipeleka kadi penye kompyuta, ili ile sauti igeuzwe kuwa mp3. Kijana akaichomeka. Mara yakatokea maandishi kwamba kadi haisomeki, je, ifomatiwe? Kijana, kwa haraka ya kazi, akapeleka kidole kwenye “ndiyo”.

Nilimshika mkono. Nawaambieni kweli, sijui ni nini kilichonisukuma, kwa kuwa sikujua vema maana ya neno lile. Baadaye nilifahamishwa: kufomati kadi ni kuisafisha ianze upya. Huenda tungemzika Mama mara ya pili, kwa kidole kimoja.

Nikaichomoa kadi, nikairudisha katika simu yake ya zamani. Ikasomeka! Tukaihamisha sauti kwa bluetooth kwenda kwenye simu yangu, kisha kwenye kompyuta, na ndipo ikageuzwa. Siku hiyo hiyo nilitengeneza nakala tatu: moja kwenye flashi iliyo sandukuni, moja kwa dada yangu, moja kwangu.

KASETI ISIYO NA UTEPE

Nikairudisha sauti ndani ya transmita. Sasa ilisikika, lakini pamoja na mchakacho, na kila gari lilipopanda mlima au kupita karibu na nguzo za umeme, mchakacho ulizidi. Wimbo huvumilia mchakacho, maana sikio linaujua wimbo na kujaza lenyewe. Maneno hayavumilii, hasa kwa mzee. Niliona nitapata jibu lile lile la nyuki.

Fundi akafungua droo, akatoa kitu nilichokidhani kaseti ya kawaida, ila ina waya mkiani. Ndani hamna utepe. Pana kichwa kidogo cha sumaku, nacho hugusana na kile kichwa cha redio kinachosoma utepe. Waya unachomekwa kwenye simu; sauti inatoka simuni, inageuka kuwa sumaku, na redio inadhani inasoma kaseti kama zamani. Kaseti zenyewe zililetwa duniani na kampuni ya Philips mwaka 1963. Nilistaajabu kuona kitu cha miaka hiyo kikiwa daraja la simu ya leo.

Mara ya kwanza redio iliitema. Fundi alinionyesha kwamba redio nyingine hutema kaseti zikiona magurudumu yake hayazunguki, zikidhani utepe umekwisha. Akasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti kidogo, akatengeneza magurudumu ya ile kaseti, akairudisha. Ikakaa. Akanionya nisifungue sauti ya simu mpaka mwisho, maana huchafuka. Ifike robo tatu, na kilichobaki kiongezwe kwenye redio. Sauti ikatoka safi, bila mchakacho.

“NIMEKULA”

Jumamosi nikaenda kijijini. Nikaegesha gari uani chini ya mti, nikazima injini, nikaacha ufunguo kwenye nafasi ya redio tu. Nikamketisha Baba kiti cha mbele, nikafunga vioo ili kuku na watoto wasituharibie. Sikumwambia kitu.

Kwanza ilisikika milio ya mwiko katika chungu. Kisha Mama akaanza kusema.

Baba hakugeuka. Alitazama mbele tu, mikono magotini, dakika zote 11. Alipofika mahali pa kulima matuta akatikisa kichwa, kana kwamba hesabu ya siku aliyoitoa Mama haikuwa sawa. Mwishoni mwa ile rekodi Mama anamwuliza mjukuu wake, “Babu yako amekwisha kula?” Hapo ndipo inapokatika.

Baba akajibu kwa sauti ya kawaida, “Nimekula.”

Tukakaa kimya. Baadaye akaniambia, “Rudia.” Tulirudia mara tano, na jirani wakaja, wakaketi kiti cha nyuma kwa zamu. Jioni nilipotaka kuondoka, betri ilikuwa imekwisha kabisa, na kijiji kizima kikasukuma gari. Nao walicheka sana, na Baba alicheka pamoja nao. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mazishi.

NENO LANGU KWENU

Ndugu wasomaji, yafaa tujifunze. Kwanza, msiharakishe kutupa kilicho kizee. Redio ile nilitaka kuing’oa niweke mpya. Kumbe ilikosa daraja tu.

Pili, mwenye kutaka kidude cha kuchomeka aangalie umeme wa gari lake: magari madogo yana volti 12, malori mengi yana 24, na si kila kidude kinavumilia yote mawili. Tena tayarisheni nyimbo zenu kabla ya kuondoka. Barabarani kwetu wamo watoto, ng’ombe na baiskeli. Mwenye kuinamia redio ili kubadili wimbo hawaoni. Na injini ikizimwa, msikilize kwa kiasi, msije mkasukuma.

Tatu, nalo ndilo kubwa: leo hii, kabla jua halijatua, wekeni simu karibu na mama na baba zenu, mwaombe wawasimulie. Wakisema hawana la kusema, waulizeni habari za chakula. Mkimaliza, tengenezeni nakala, msiiache sauti katika kadi moja. Na kompyuta ikikuuliza jambo usilolifahamu, usijibu “ndiyo”.

Mimi sina picha nyingi za Mama. Lakini kila Jumamosi niendapo Matai, Baba yuko tayari uani, amevaa koti lake, anangojea gari. Haulizi habari zangu kwanza. Anafungua mlango wa mbele, anaketi, anasema, “Haya, mwache aseme.”