UKIPITA USIKU MJI MKONGWE, SALIMIA!

Sisi watu wa Nyamuswa safari zetu ni Bunda, Musoma na Mwanza, basi. Ukifika Dar tayari wewe mtu mzito. Sasa mimi mwenzenu nimevuka mpaka bahari! Nimefika Zanzibar, tena nimeuzunguka Mji Mkongwe usiku, kwa miguu, na watu ambao asubuhi yake nilikuwa siwajui.

Tulikutana kwenye boti ya kutoka Dar: mama wa Tanga anayeuza vitenge, mwalimu wa Dodoma na vijana wawili wa Kahama. Bahari ilichafuka, na si unajua tena, mkishapeana mifuko ya kutapikia mnakuwa ndugu. Usiku tukala pamoja Forodhani, mishikaki na urojo, tukashushia juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Saa nne mama akasema, "Jamani, kila siku nakuja kwa biashara, mji wenyewe sijautembea. Twendeni."

Tukapita Ngome Kongwe, halafu Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka wakati likikarabatiwa, watu wawili wakafa. Tulilitazama kimya, kisha tukaingia vichochoroni.

Ebwana, vichochoro vya kule si mchezo! Vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Ukikata kona unakuta kona nyingine. Mara umeme ukakatika. Giza totoro! Kijana mmoja wa Kahama akaficha simu kwenye soksi, mwenzake akamwomba mwalimu atangulie kwa kuwa yeye ni mtumishi wa serikali.

Ndipo sauti ikatoka pembeni: "Mnakwenda wapi nyinyi?"

Kumbe ni mzee amekaa barazani na wenzake wawili, birika la kahawa katikati.

"Shikamoo mzee wangu," mama akasema.

"Marahaba wanangu. Kaeni mnywe kahawa, umeme utarudi."

Tukakaa. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Nyamuswa, mkoa wa Mara, upande wa kwao Mwalimu Nyerere.

"Mbali huko. Una nani hapa Unguja?"

"Sina mtu, mzee."

"Basi leo unaye."

Msomaji, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje. Mwenye nyumba humpokea mgeni pale bila kuwasumbua wanawake ndani, na mvua ikijaza maji kichochoroni watu hupita juu yake. Mimi nikaiona kazi ya tatu: ulinzi. Kibaka gani atapita mbele ya wazee watatu wanaouliza unakwenda wapi? Hata kwetu Nyamuswa ukipita gizani kimya kimya utaulizwa wewe mtoto wa nani. Ukijibu, umeshapata wa kukusindikiza.

Umeme uliporudi mjukuu wake akatupeleka hadi gesti. Sasa nikawa natazama vizuri. Milango mizuri ajabu, imechongwa minyororo na maua, lakini mingine ina kufuli na baraza zake hazina mtu. Mzee alituambia wanawe wawili wamehamia Dar na mmoja yuko Oman. Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Paa likipata ufa, maji yanashuka ndani ya ukuta na boriti zinaoza. Aliyemo ndani ataliona doa mapema azibe. Kama hamna mtu, nani ataliona? UNESCO iliuweka mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ni jambo jema, lakini UNESCO hailali chumbani mvua ikinyesha.

Na sisi wa bara tusicheke. Siku hizi mtu akipata vijisenti anajenga ukuta mrefu, juu anapanga vipande vya chupa, halafu anajifungia na televisheni yake. Akipigiwa hodi usiku anazima taa. Huyo analindwa na nani?

Ukienda Zanzibar usiishie kupiga picha milango. Wasalimie waliokaa mbele yake, na ukikaribishwa kahawa, kaa unywe. Wao ndio mji wenyewe.