Mawe ya Masisi na Unga Mweupe wa Walikale

Atokaye Goma kwenda Masisi hupita Sake, kisha huanza kupanda. Toka Goma hata Masisi mjini ni kilometa 80 hivi, na baada ya Sake sehemu kubwa ya njia ni milima mitupu: malisho ya ng'ombe, mashamba ya viazi na maharagwe, na ukungu usioondoka hata jua liwe juu. Jibini ya huko yajulikana hata Kinshasa. Lakini leo hatuzungumzi habari za jibini. Twatazama mawe, kwa kuwa vijana wa nchi hii huyaokota mitoni, huyaleta nyumbani, na huuliza: je, jiwe hili laweza kung'arishwa na mtu wa kawaida, na kwa unga gani?

Mwalimu wa kwanza wa kazi hii ni mto wenyewe. Maji ya Masisi mengi hushuka upande wa magharibi, huingia mto Oso, na Oso huingia Lowa, ambao wapita kando ya mji wa Walikale na kwenda kujimwaga katika Lualaba. Mlimani, mawe ya kijito yana ncha na makali. Ukishuka nayo hata msitu wa Walikale, wakuta kokoto za mviringo, laini kama yai. Hakuna aliyezichonga. Zimebingirika, zimegongana, na mchanga umezisugua katika maji kwa miaka isiyohesabika.

Mashine ya kung'arishia mawe nyumbani haifanyi jambo jingine. Ni pipa dogo la mpira, lenye mawe, maji na unga mkali, linalozungushwa polepole na mota ya umeme usiku na mchana. Unga wa kusagia ni karbidi ya silikoni, kitu ambacho Mmarekani Acheson alikipata mwaka 1891 alipokuwa akijaribu kutengeneza vito bandia. Huanza unga mnene wa namba 60 au 80, juma zima, kisha namba 220, kisha 500, na kila namba hupewa juma lake. Kati ya hatua na hatua, mawe na pipa vioshwe vizuri sana. Chembe moja ya unga mnene ikibaki, itachora mistari juu ya kazi yote inayofuata. Tope linalotoka lisimwagwe katika bomba la nyumba, maana hukauka likawa kama saruji.

Hata hapo jiwe halijang'aa. Ni laini tu, nalo lina weupe wa vumbi, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mng'aro hutoka katika unga wa mwisho, na hapo ndipo watu hushindwa kuchagua. Kuna unga wa namna tatu unaotumika zaidi. Oksidi ya alumini ni rahisi kwa bei na yafaa karibu mawe yote. Oksidi ya seri hupendeza sana kwa kwatsi, lile jiwe jeupe gumu, na kwa kioo. Ajabu yake ni kwamba yenyewe ni laini kuliko kwatsi, lakini hufanya kazi na uso wa jiwe hata uchakavu wake ukafutika. Wa tatu ni oksidi ya bati, unga mweupe mwororo, ambao mafundi wa vito na wa marumaru wameutumia tangu zamani.

Huo wa tatu twaomba uangaliwe vizuri, kwa sababu ni wa nyumbani. Kasiteriti, jiwe zito jeusi linalochimbwa Bisie katika wilaya ya Walikale, si kitu kingine ila oksidi ya bati. Katika kilo 100 za kasiteriti safi mna karibu kilo 79 za bati. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji walikimbilia Bisie kwa maelfu. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, siku mbili msituni, mpaka Njingala. Kisha mzigo ulifikishwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe ya lami. Serikali ilisimamisha uchimbaji toka Septemba 2010 hata Machi 2011. Tangu 2019 kampuni ya Alphamin huchimba hapo kwa mitambo, na jiwe lake lina bati nyingi kuliko la machimbo mengi ya dunia. Na mwezi wa Machi 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiukaribia mji wa Walikale, kazi ilisimama, ikarudi mwezi uliofuata, walipoondoka.

Jiwe hilo hupelekwa ng'ambo. Huko tanuru huliondolea oksijeni kwa makaa, likawa bati tupu, ambalo sehemu yake kubwa hulehemu vyombo vya umeme. (Mabati ya nyumba zetu, ingawa twayaita hivyo, ni chuma kilichopakwa zinki.) Bati kidogo huchomwa tena katika hewa, hurudishiwa oksijeni ileile iliyoondolewa, nalo huwa unga mweupe wa kung'arishia. Basi unga unaouzwa kwa bei kubwa katika vikopo vidogo ni kitu kilekile alichobeba mpagazi wa Njingala, ila sasa ni safi.

Je, kijana wa Walikale asage kasiteriti yake mwenyewe? Twasema hapana. Jiwe la shimoni limechanganyika na chuma na kwatsi, nalo litakwaruza badala ya kung'arisha. Tena kulisaga kavu ni hatari: vumbi la kwatsi huingia mapafuni wala halitoki. Kila kazi ya mawe ifanywe katika maji. Kwa fedha chache, twashauri oksidi ya alumini. Oksidi ya bati iachiwe fundi mwenye mteja wa kumlipa.

Pasipo umeme, na ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za milimani, mkono watosha. Weka karbidi ya silikoni na maji juu ya kipande cha kioo kinene, sugua upande mmoja wa jiwe kwa namba zilezile, kisha umalize juu ya ngozi iliyogandishwa kwenye ubao, ikiwa imepakwa unga wa mwisho ulioloweshwa. Jiwe dogo la kwatsi humaliza jioni kadhaa.

Turmalini, ambayo huchimbwa Masisi na ng'ambo ya milima, Numbi katika Kalehe, isitiwe katika pipa pamoja na kokoto, kwa maana hupasuka upesi. Hiyo yataka ngozi na mkono, na ikiwa na ufa mrefu, heri iachwe kama ilivyotoka ardhini.