Kisanduku cha Chakula cha Mtoto wa Korea

Mama wa Korea Kusini anayemfungia mwanawe chakula cha mchana huanza na wali. Mchele wa huko ni mfupi na wa mviringo, na ukiiva punje zake hushikana. Mpishi wa Unguja au Mombasa, ambaye sifa yake ni wali unaochambuka, angeona haya kuupakua mbele ya wageni. Lakini wali huo una fadhila moja kubwa: hata ukipoa haupukutiki, na huinuliwa kwa vijiti viwili pasipo kuanguka. Hupakiwa ungali na moto, ukaachwa wazi kidogo ili mvuke utoke, ndipo kifuniko kikatiwa. Mwenye haraka akifunika mapema, jasho la mvuke hudondoka na kuulowesha. Chakula hicho pamoja na chombo chake huitwa dosirak.

Kando ya wali hupangwa vitoweo vidogo vidogo, na hapo ndipo akili ya mama ionekanapo. Kitoweo kisiwe na mchuzi mwingi, maana mtoto atakimbia njiani na mkoba utapinduka. Tena kisiwe chenye kuharibika upesi. Kwa hiyo dagaa wa bahari hukaangwa kwanza bila maji ili harufu na unyevu viwatoke, kisha hutiwa sosi ya soya na sukari, na mwisho hunyunyiziwa ufuta. Maharagwe meusi ya soya huchemshwa polepole katika sosi hiyo hiyo hata yakang'aa na kukunjamana. Spinachi huchovywa kidogo tu katika maji yanayochemka, hukamuliwa kwa mikono, kisha hutiwa chumvi, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta. Yai hukaangwa likiwa jembamba na kukunjwa kama mkeka.

Kimchi nayo haikosi. Hiyo ni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili nyekundu, kitunguu saumu na tangawizi, ambayo jamaa na majirani huitengeneza kwa wingi kabla ya baridi kali kuingia; desturi hiyo ya kuitengeneza pamoja iliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za wanadamu mwaka 2013. Pamoja na heshima hiyo yote, watu wazima wengi wa Korea wanayakumbuka maji mekundu ya kimchi yaliyovuja mkobani na kupenya madaftari ya hesabu, na harufu yake ndani ya basi lililojaa watu.

Katika miaka ya 1960 na 1970 kisanduku kilikuwa cha bati jepesi. Majira ya baridi darasa lilipashwa moto kwa jiko la kuni au makaa, na wanafunzi walivipanga visanduku vyao juu yake, kimoja juu ya kingine kama matofali. Cha chini kiliungua na cha juu kilibaki baridi, hivyo ilibidi vibadilishwe kwa zamu, na somo la mwisho kabla ya adhuhuri lilisomwa katika harufu ya ukoko.

Lakini chini ya kifuniko palikuwa na mambo mazito. Nchi ilikuwa na uhaba wa mchele, na serikali ya Rais Park Chung-hee iliwataka wananchi wachanganye wali na shayiri au nafaka nyingine. Walimu walipita kati ya madawati wakikagua visanduku vilivyofunuliwa. Mtoto mwenye wali mweupe mtupu alikaripiwa. Wapo walioomba punje chache za shayiri kwa jirani na kuzibandika juu kabla mwalimu hajafika. Wengine hawakuhitaji kuamriwa, kwani shayiri ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Wengine tena hawakuwa na kisanduku chochote. Hao walitoka nje kimya kimya wakajaza tumbo kwa maji ya bomba. Katika darasa lenye watoto zaidi ya 60, yai moja lilikuwa utajiri. Mama mwenye busara alilificha chini ya wali ili mwanawe asinyang'anywe, na labda pia ili asiyekuwa nalo asilione. Mwaka 1977, kwa msaada wa mbegu ya mpunga iitwayo Tongil, nchi ilifikia kujitosheleza kwa mchele.

Wazazi wa watoto hao walikijua chakula cha safari kwa sura kali zaidi. Katika vita vya 1950 hadi 1953, askari wa mstari wa mbele walikula matonge ya wali yaliyofinyangwa kwa mkono, yakipandishwa milimani na wachukuzi waliobeba mizigo mgongoni kwa fremu za mbao. Katika baridi ya kule matonge hayo yaliganda kama mawe.

Siku hizi shule hupika chakula cha mchana, na kisanduku hutoka kabatini kwa matembezi tu. Isipokuwa siku moja ya Novemba, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Siku hiyo ndege haziruki wala kutua wakati wa jaribio la kusikiliza Kiingereza, na polisi huwapakia watahiniwa waliochelewa katika pikipiki na magari yao. Mtihani huanza saa 2:40 asubuhi na kuendelea hata jioni, na kila mtahiniwa hula alichofungiwa nyumbani. Supu ya mwani, ambayo mama huinywa baada ya kujifungua na kumpikia mwanawe kila siku ya kuzaliwa, siku hiyo haipikwi. Mwani huteleza, na kwa Kikorea kuteleza ni kufeli. Hata mama asiyeamini hayo haipiki. Hapiki pia kitu kigeni, kwani tumbo lenye hofu halitaki majaribio.

Jioni kijana hurudi akiwa kimya. Mama haulizi habari za hesabu. Hupokea mkoba, hukifungua kisanduku jikoni, na kutazama kilichobaki. Ikiwa dagaa wameliwa na wali umeguswa upande mmoja tu, huuweka kando, na kuwasha jiko tena.