Dirishani mwa treni ya TAZARA, ukiwa sebuleni

Anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA akitaka kuona milima, akae upande wa kulia. Hilo analijua babu mmoja wa Mbagala, aliyekuwa akifuata mchele Ifakara kabla kiharusi hakijamlegeza mkono na mguu. Siku hizi anasafiri kwa simu ya mjukuu wake: video ndefu iliyorekodiwa na abiria dirishani, bila maelezo wala muziki, ni mlio wa magurudumu tu.

Reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Babu hana haja na zote. Huanzia Kisaki, treni ikishatoka hifadhini kwenye twiga na tembo. Huja mashamba ya miwa, kisha Mang'ula, ambako milima ya Udzungwa inasimama karibu na reli, kijani hadi juu. Maneno humtoka kwa shida sasa, lakini "Mlimba" hulitamka kabla kibao cha stesheni hakijaonekana.

Baada ya Mlimba treni hupanda kuelekea Makambako, mahandaki na madaraja yakifuatana. Kioo kikiwa cheusi, wajukuu hutaka kusogeza video mbele. Babu hukataa.

Wanorwe waliuonja utamu huu mapema. Novemba 27, 2009, televisheni ya taifa, NRK, ilionyesha safari nzima ya treni kutoka Bergen hadi Oslo, zaidi ya saa saba, na watu zaidi ya milioni moja walitazama angalau kipande. Treni ilipoingia handakini, waliweka picha za zamani za reli hiyo. Babu huyu pengine angenung'unika.

Video haitibu kiharusi. Dawa na mazoezi viko palepale, na kukaa kwenye kochi saa nyingi hakumfai mgonjwa kama yeye. Ndiyo maana binti yake ameweka sheria: kila stesheni video inasimamishwa, baba anainuka na fimbo yake, anazunguka sebule, anakunywa maji. Stesheni ndogo, zisizo na hata mchuuzi wa ndizi, mzee hujifanya hakuziona.

Jumapili moja kifurushi cha intaneti kiliisha treni ikiwa ndani ya handaki. Mjukuu akakimbilia dukani kununua vocha. Aliporudi, babu alitaka waanze upya, kuanzia Mlimba.