Mdiria wa Sur

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimenibana, samahanini sana.

Leo nawaletea habari za ndege. Msicheke! Hapa Sur kuna hori la bahari liitwalo Khawr al Batah, karibu na pale wanapounda majahazi. Nikitoka zamu hupita hapo kupunga upepo. Tangu baridi ianze namwona mdiria mdogo, mgongo wa buluu unaong'aa, kifua rangi ya chungwa, amekaa kwenye kamba ya jahazi. Mara anajitupa majini, chubwi! Anatoka na samaki.

Juzi nilikuwa na bibi mmoja jirani yangu, Mwomani aliyekulia Unguja, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu kiota chake kiko wapi?" Nikamwambia hapa hana, huja kula tu wakati wa baridi kisha hurudi kwao. Akasema, "Aa, kama wewe." Alikuwa anatania, lakini jamani, lilinichoma.

Nikaenda kusoma. Jina lake la kitaalamu ni Alcedo atthis; hilo la atthis alipewa na Linnaeus mwaka 1758. Jamii inayokuja Oman huzaa mbali, kuanzia kaskazini-magharibi ya Afrika na kusini mwa Italia hadi Siberia. Dume na jike huchimba tundu kwenye ukingo wa mto, jike hutaga mayai 6 au 7, nao hupokezana kuyaatamia kwa siku 20 hivi. Zamu, kama sisi wodini! Ila kiota hujaa miba ya samaki na kinyesi. Ingekuwa wodi yetu, ingefungwa siku hiyo hiyo.

Kumbe Oman ina mdiria mwingine, kule Dhofar kusini, mwenye kichwa cha kijivu: Halcyon leucocephala. Wote ni familia ya Alcedinidae, lakini huyu ni wa kundi la wadiria wa miti. Havui samaki, hula panzi na mijusi. Huyu hutoka Afrika, hufika Dhofar mnamo mwezi wa nne, na huzaa huko huko. Kenge akisogelea kiota chake, humrukia bila woga.

Basi wote wawili ni wageni hapa. Mmoja huja kutafuta riziki tu, mwingine huja kulea.

Nikajiuliza, mimi ni yupi? Wiki iliyopita Mama alinipigia, akasema mwanangu sasa anamwita yeye "mama", na mimi ni "yule wa kwenye simu". Nilifikiria kumleta huku, lakini nikiwa zamu ya usiku nani atalala naye? Siwezi kuwa yule wa Dhofar.

Kwa hiyo nawatangazia: mkataba unaisha Machi na sisaini tena. Najua bati za nyumba hazijatimia. Tutaezeka polepole. Mwakani mtoto anaanza darasa la kwanza, nataka nimpeleke mimi mwenyewe, nimshike mkono.

Mama, ukisomewa hii usilie. Nisalimieni wote, na tayarisheni mihogo ya nazi!