Kincsem, Farasi Aliyeachwa na Mnunuzi

Wengi wetu katika vijiji hivi hatukuzaliwa penye farasi. Mbung'o na maradhi yamewazuia tangu zamani wasienee katika nchi zetu, nasi twamjua punda kuliko farasi. Tena watu wakisikia habari za mbio za farasi, mara hukumbuka kamari. Na kweli kamari huandamana na mbio hizo, nayo imewafilisi wengi. Basi mtu aweza kutuuliza, Mwalimu wa shule ana kazi gani na habari kama hizo? Jibu letu ni kwamba twataka kusimulia habari za farasi mwenyewe, wala si za wacheza kamari. Maana mna neno ndani yake litupasalo sisi sote tulio na kazi ya kuwachagua wengine.

Katika nchi ya Hungaria, tarehe 17 Machi mwaka 1874, alizaliwa farasi jike katika shamba la kuzalishia farasi la Kisbér. Mwenye farasi huyo alikuwa Ernő Blaskovich, naye akamwita Kincsem, maana yake katika lugha yao ni "hazina yangu". Jina lilikuwa zuri kuliko umbo. Alikuwa wa rangi ya hudhurungi, mwembamba, mrefu wa miguu, wala hakupendeza machoni pa wanunuzi. Husimuliwa ya kuwa Blaskovich alipotaka kuwauza farasi wake wachanga, Baron Orczy aliwachukua wote isipokuwa wawili aliowaona hawafai, na mmoja wa hao wawili ndiye Kincsem. Hivyo alibaki kwa bwana wake, si kwa kuwa alipendwa mno, bali kwa kuwa alikosa mnunuzi.

Akapelekwa Göd, kando ya mto Danube karibu na Budapest, kwa Mwingereza mmoja, Robert Hesp, aliyekuwa fundi wa kuwafunza farasi. Mwaka 1876, umri wake miaka miwili, alishindana mara ya kwanza katika mji wa Berlin, akawaacha wenziwe mbali. Mwaka ule alishindana mara 10, akashinda zote 10. Mwaka 1877 alishinda mara 17, mwaka 1878 mara 15, na mwaka 1879 mara 12. Jumlisha, msomaji, nawe utapata 54. Na mara alizoshindwa ni sifuri. Mbio nyingine zilikuwa fupi, hazikutimia kilometa moja. Nyingine zilipita kilometa nne. Na kama ilivyo desturi ya mbio hizo, aliye hodari hutwikwa uzito zaidi ili wanyonge wapate nafasi. Kincsem alitwikwa, akachukua, akashinda.

Katika mwaka 1878 alivushwa bahari mpaka Uingereza, akashinda kikombe cha Goodwood. Katika kurudi akapitia Ufaransa, akashinda tuzo kubwa la Deauville. Kisha akaenda Baden-Baden katika Ujerumani, na huko nusura ashindwe. Yeye na farasi mwingine, jina lake Prince Giles, walifika pamoja hata waamuzi wasiweze kuwatenganisha. Ikawa lazima wakimbie tena siku ile ile, wote wawili wakiwa wamechoka. Mara ya pili Kincsem alimwacha mwenzake nyuma, wala hapakuwa na shaka tena. Tuzo la Baden alilichukua miaka mitatu mfululizo, 1877, 1878 na 1879.

Sasa twaja kwenye sehemu ya habari hii tuipendayo zaidi. Farasi huyu alikuwa na saisi wake, aitwaye Frankie, aliyelala naye zizini na kusafiri naye kila alikokwenda. Tena alikuwa na rafiki paka. Husimuliwa ya kuwa katika safari ile ya kutoka Uingereza paka alipotea bandarini, na Kincsem akakataa katakata kuondoka mpaka paka alipoonekana. Tena husimuliwa ya kuwa usiku mmoja wa baridi alimwona saisi wake amelala bila blanketi. Akalivuta la kwake kwa meno, akamfunika. Hadithi za namna hii hunenepa kinywani mwa wasimulizi, nasi hatuapi kwamba zote ni kweli. Lakini watu hawasimulii mambo kama hayo juu ya mnyama aliyepigwa na kulazwa na njaa. Ziwe kweli zote au nusu, zatuonyesha ya kuwa mbio zile 54 zilianza zizini, katika maji safi, majani makavu, na mtu aliyekuwapo usiku na mchana.

Mwaka jana tuliwasimulia watoto wa darasa letu habari hizi. Walipokwisha kuhesabu zile 54 na kushangilia, msichana mmoja mdogo akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, yule bwana aliyemwacha alijuaje kwamba hafai?" Tukamjibu, "Alimtazama." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hakujua."

Neno lile limetukaa moyoni. Maana kila mwaka sisi walimu, pamoja na wazee na wazazi, huketi na kuchagua: huyu aendelee na masomo, yule arudi akachunge mbuzi, huyu wa kiume alipiwe karo, dada yake angoje. Na mara nyingi twachagua kwa kutazama tu. Mwenye sauti kubwa twamwona hodari, na aliye mwembamba na mpole twamwona mnyonge. Mtoto si mnyama, wala hatumfananishi na farasi. Lakini ikiwa mtu mwenye mali, aliyezoea farasi, aliweza kumtazama bora kuliko wote asimwone, sisi twapataje ujasiri wa kumhukumu mtoto kwa kumtazama mara moja? Nabii Samweli mwenyewe, alipokwenda nyumbani kwa Yese, macho yake yalimpendelea kwanza yule mrefu. Na aliyechaguliwa na Mungu alikuwa malishoni na kondoo, hata kuitwa hajaitwa.

Kincsem hakuishi siku nyingi. Baada ya mbio alizaa watoto watano, kisha akashikwa na msokoto wa tumbo, akafa tarehe 17 Machi mwaka 1887, siku ile ile aliyotimiza miaka 13. Mifupa yake imehifadhiwa katika makumbusho ya kilimo ya Budapest, na uwanja wa mbio wa mji ule waitwa kwa jina lake. Hata leo, katika farasi wote wasiopata kushindwa kamwe, hakuna aliyeshinda mara nyingi kama yeye. Lakini urithi wake mkubwa si mifupa wala uwanja. Binti yake Budagyöngye aliwashinda madume katika mbio kuu ya Ujerumani mwaka 1885; na mwaka 1974, miaka 100 kamili tangu Kincsem azaliwe, mmoja wa wazao wake, aitwaye Polygamy, alishinda mbio za Oaks huko Uingereza. Vita viwili vikuu vilipita katikati, lakini damu ile haikukatika.

Yote hayo yangalipotea kama hapangalikuwa na mtu wa kumtunza yule aliyeachwa. Basi ndugu, siku ya kuchagua itakapokuja tena kijijini, tusiwe na haraka. Na yule tunayemwona hafai, kabla hatujamwacha, tumlishe kwanza, tumfunze, tukae naye. Ndipo tutakapokuwa na haki ya kusema kwamba twamjua.